Barua ya VA ya kupimwa tena: aende, asiende, na kama amepata nafuu je?

"Daktari, bwana yangu alikuwa jeshi la Marekani. Alienda huko na grini kadi kabla hatujaoana, akapelekwa Afghanistan mara mbili. Tangu 2019 VA, ile idara ya serikali ya Marekani ya waliokuwa wanajeshi, inamlipa fidia ya asilimia 70 ya PTSD, ule ugonjwa wa akili unaobaki baada ya kupitia mambo ya kutisha kama vita. Tulirudi Nairobi miaka mitatu iliyopita, tunakaa Kasarani, na kusema ukweli hapa ako afadhali kuliko kule. Mwezi uliopita wifi yangu aliye Texas akatutumia barua, ati wanataka kumpima tena. Tangu siku hiyo halali. Barua ameifungia kwa droo na ameacha kuenda kwa kaunsela, anasema wakiona anatibiwa na anapata nafuu watakata pesa. Wenzake kwa grupu ya WhatsApp wanamwambia aache dawa wiki mbili aende bila kunyoa, wengine wanasema asiende kabisa juu ako Kenya hawatamfikia. Hiyo pesa ndio inalipa karo na nyumba. Aende ama asiende? Na kama kweli amepata nafuu, ni dhambi kuendelea kuipokea?"

Dada, pole sana, na asante kwa kuandika bila kuficha. Nimekaa na familia kadhaa hapa Nairobi zenye baba aliyetumikia jeshi, la nje ama la kwetu, na hiyo barua ya kwa droo naijua vizuri. Umeniuliza mambo matatu kwa pamoja: aende ama asiende, matibabu yatamkosesha pesa ama hapana, na kama amepata nafuu ni haki aendelee kupokea. Wacha nianze na lile lenye tarehe, hayo mengine yanaweza kungoja kidogo.

Aende. Wale wanaosema ati ako Kenya hawatamfikia hawajaelewa vile hiyo kitu inafanya kazi. VA haina haja ya kumfikia yeye, pesa ndio inamfikia kila mwezi, na wakitaka kuisimamisha wanaisimamisha hukohuko kwa kompyuta. Kanuni yao ni kwamba mtu anayelipwa akiitwa kupimwa tena na akose bila sababu ya maana, anatumiwa notisi kuwa wanapanga kupunguza ama kusimamisha malipo, anapewa siku 60 za kujibu, na akinyamaza inapita hivyo. Hapo hakuna mtu atauliza kama anaota ndoto mbaya. Sababu za maana wanazikubali, kama ugonjwa, kulazwa, ama kufiwa na mtu wa karibu, na kuishi nje pia kunapangika, juu kwa walio nje upimaji hufanywa na madaktari wa kontrakta ama kupitia ubalozi, wakati mwingine kwa video. Kama tarehe waliyotoa haiwezekani, apige simu ama aandike KABLA ya hiyo siku aombe nyingine. Laini zao za simu hufunguliwa saa mbili asubuhi ya Washington, ambayo kwetu ni saa tisa alasiri ama saa kumi kulingana na msimu wao, kwa hivyo hamna haja ya kukesha.

Sasa, kwa nini mwanaume aliyepita vitani anashindwa na bahasha? Watu wa nyumbani huona ni ukaidi. Wacha nikuambie vile mimi huwaelezea watu kwa ofisi yangu. Chukua soja wa usiku wa geti la ploti. Siku moja majambazi wamekuja kweli, akapuliza filimbi, akaokoa watu. Lakini asubuhi hakuna mtu aliyekuja kumpokea zamu, hakuna aliyemwambia imeisha, enda ulale. Miaka kumi baadaye bado ako pale kwa geti, paka akiruka ukuta anapuliza filimbi ileile. Kichwani mwa kila mtu kuna sehemu inayofanya kazi ya huyo soja, na kuna nyingine ya kumwambia tulia, ni paka tu, na kwa mtu mwenye PTSD soja amekuwa na sauti kubwa kuliko yule wa kumtuliza. Ndio maana anaamka usiku jasho limemlowa hata kama kwa mdomo anakuambia hajui anaogopa nini.

Dalili zake sisi huziweka kwa makundi manne: kumbukumbu na ndoto zinazorudi bila kuitwa, kukwepa chochote kinachozigusa, moyo na mawazo kuingia giza, na mwili kukaa chonjo kila saa. Hilo la pili, kukwepa, ndilo liko ndani ya hiyo droo. Barua inamwambia aje aeleze tena yale mambo mbele ya mtu asiyemjua, na ugonjwa wenyewe kazi yake kubwa ni kumzuia asiyaguse. Unaona sasa vile hii kitu ni ngumu, mtu anatakiwa athibitishe ni mgonjwa kwa kufanya kile ugonjwa unamkataza. Kwa hivyo usimgombeze juu ya barua. Mfungulie wewe, umsomee tarehe na mahali tu, hayo mengine kesho.

Nije kwa hofu yake kubwa, ati kutibiwa kunakata pesa. Kwanza jueni wanapima nini. Kwa magonjwa ya akili VA ina ngazi sita: 0, 10, 30, 50, 70 na 100. Kinachopimwa ni vile ugonjwa unavuruga kazi yake na maisha yake na watu. Ngazi ya 70 ni mtu aliyekwama karibu kila upande, kazi, familia, hasira asizoweza kushika, mawazo ya kujiua, kushindwa kabisa mambo yakibadilika ghafla. Ngazi ya 50 ni mtu anayefanya lakini hategemeki, kusahau, wasiwasi mkali zaidi ya mara moja kwa wiki. Ya 30 ni mtu anayeenda vizuri kwa jumla lakini mara mojamoja anakwama, usingizi wake ni mbovu siku zote. Hizo dalili zimeandikwa kama mifano, halazimiki kuwa nazo zote. Na kwa pesa tofauti si ndogo, kwa viwango vya 2025 mtu asiye na mke wala watoto kwa faili alikuwa anapata dola 1,759.19 kwa mwezi akiwa 70, dola 1,102.04 akiwa 50, na dola 537.42 akiwa 30. Nyinyi mna nyongeza ya familia juu yake. Kwa hivyo siwezi kukuambia ati usijali, najua karo ni karo.

Lakini angalia vizuri, hakuna ngazi inayosema mtu akionekana kwa kaunsela anashuka. Kinyume chake, maandishi ya kaunsela ndio ushahidi wenyewe. Daktari atakayempima atakaa naye saa moja ama pungufu, hajui mke wake, hajui nyumba yenu, anasoma faili. Faili yenye mwaka mzima bila kliniki inasomeka kama faili ya mtu aliyepona, na hakuna mtu atadhani ati huyu aliacha kwa kuogopa. Sasa yeye anaona amejificha, na kumbe amefuta ushahidi wake kwa mkono wake. Arudi kwa kaunsela wiki hii, na amwambie wazi kwamba aliacha kwa sababu ya barua, hiyo nayo iandikwe.

Na hiyo ya kuacha dawa wiki mbili, tafadhali, hapana. Kama ni sertraline ama nyingine za jamii hiyo, ukiziacha ghafla unaweza kupata kizunguzungu, hasira za ajabu, ndoto kali, wengine wanasikia kama shoti za umeme kichwani, na mtu wa aina yake akikosa usingizi siku tano mnaweza kuishia kasuali kabla hata ya siku ya kupimwa. Alafu hakuna haja ya kuigiza. Hao wanaopima wameona mamia ya watu, mtu akizidisha chumvi hata ile ya kweli hawaiamini tena, na udanganyifu huko ni kesi ya jinai. Aende vile ako. Akinyoa kila siku, anyoe. Kama siku nyingi hanyoi mpaka umkumbushe, basi aseme hivyo.

Kuna kitu kinawamaliza watu wetu kwa hizi apointimenti na sijawahi kukiona kimeandikwa mahali. Ni salamu. Sisi tukiulizwa habari tunajibu mzuri, poa, niko sawa, Mungu ni mwema, hata kama tumetoka kuzika. Mwanaume ndio zaidi, amefundishwa kujikaza tangu akiwa mtoto, alafu jeshi likamwongezea. Daktari Mmarekani anauliza unaendeleaje, mzee anajibu kwa Kiingereza kizuri kwamba ako sawa, na hilo linaandikwa kama jibu la kitabibu. Wakati mmoja nilikuwa nafanya mazoezi na baba mmoja aliyekuwa ameitwa hivyohivyo, nimebadilisha ya kutosha asijulikane. Nikamuuliza, unalala aje? Akasema poa. Mke wake alikuwa anamimina chai, akaiweka thamosi chini, akasema, analala kwa kochi, na viatu. Kimya. Nikamuuliza tena, viatu kwa nini? Akaangalia mlango, akasema, kama itabidi nitoke. Hiyo "kama itabidi nitoke" ilikuwa na maana kuliko saa nzima ya poa, na kama mke hangekuwa kwa chumba ingebaki kwa kochi.

Ndio nije kwa nafuu unayosema amepata, hapa ndio nataka unisikize sana. Wewe umesema ako afadhali. Naamini. Lakini jiulize hiyo nafuu inashikiliwa na nini. Nani anaenda sokoni kwa sababu yeye hawezi msongamano? Watoto wamejifunza kutobamiza mlango? Ukitaka kumwamsha unamgusa bega ama unasimama kwa mlango unamwita kutoka mbali? Kanisani mnakaa kiti cha nyuma karibu na mlango? Diwali na usiku wa mwaka mpya, fataki zikianza, mnafanya nini? Transfoma ikilipuka kwa streeti? Siku za maandamano, helikopta ikizunguka juu? Familia nyingi zimejenga ua kuzunguka huyo mtu bila kujua zimejenga, na ndani ya ua ako sawa kabisa. Hiyo si uongo, ni nafuu, lakini ni nafuu ya ndani ya ua.

Na sheria yao, ukiisoma, inaelewa jambo hili kuliko watu wanavyodhani. Mahakama yao ya rufaa ya veterani ilisema tangu 1993, kwa kesi ya Brown, kwamba kupunguza asilimia haitoshi kuonyesha ripoti mpya ni tofauti na ya zamani, lazima ionekane mtu mwenyewe anaweza zaidi kwa maisha ya kawaida na kazi. Alafu kuna kinga ya miaka 5. Asilimia ikikaa miaka 5 ama zaidi bila kubadilika, kwa ugonjwa wa aina hii unaopanda na kushuka, haifai kupunguzwa kwa upimaji mmoja tu isipokuwa ushahidi wote kwa faili unaonyesha wazi nafuu ya kudumu, na upimaji ambao ni mwepesi kuliko ule wa kwanza hautumiki kumpunguzia. Sababu yake hata sisi wa Nairobi tunaijua. Kuna watu waliokuwa karibu na Moi Avenue na Haile Selassie tarehe 7 Agosti 1998, siku ambayo watu 213 walikufa hapa jijini kwa bomu la ubalozi wa Marekani, na mpaka leo ikifika mwisho wa Julai usingizi unaanza kupotea. Mtu huyohuyo ukimpima Machi utaapa ni mzima. Kwa hivyo tafuteni ile barua ya kwanza, muangalie tarehe ya kuanza, sio tarehe ya kuandikwa. Kama ni 2019 kweli, hiyo kinga iko na nyinyi.

Hiyohiyo miaka 5 ina maana nyingine. Kwa kawaida wanaita watu kati ya mwaka wa pili na wa tano pale wanapoona ugonjwa unaweza kubadilika. Lakini kanuni inasema pia ni nani asiitwe ovyo: mwenye ugonjwa uliotangazwa wa kudumu, aliyekaa miaka 5 bila nafuu ya maana, na aliyepita umri wa miaka 55 isipokuwa kuna jambo lisilo la kawaida. Na makosa hutokea. Mkaguzi mkuu wa VA yenyewe alitoa ripoti 2018, akakadiria kwamba kwa miezi sita ya 2017, kati ya upimaji kama 53,500, karibu 19,800 haukuhitajika hata kidogo. Mimi sipingi watu kupimwa tena, ni pesa ya umma na watu wengine hupona, lakini kumwita mtu mwenye hofu bila sababu ni kumtonesha, na hiyo idadi inanisikitisha kila nikiikumbuka. Kwa hivyo mnaweza kuuliza kwa maandishi, mmemwita kwa sababu gani? Ulizeni, lakini tarehe ikifika kabla ya jibu, aende.

Wewe mwenyewe andika. Kuna fomu yao ya shahidi, namba 21-10210, ya mtu anayemjua mgonjwa aseme anachokiona. Usiandike maneno ya kitabu, usiandike ati ana wasiwasi mwingi. Andika vile uliniandikia mimi. Andika tangu lini halali kwa kitanda, mara ngapi kwa mwezi, ni kazi gani alianza akaacha na aliacha aje, ni harusi gani ya nduguye hakuhudhuria. Mtu mwingine wa nyumbani aandike yake, na kaunsela aandike yake.

Sasa ile ya dhambi. Dada, hiyo pesa haimlipi kwa kuwa mahututi, inamlipa kwa jeraha alilopata kazini na vile linaendelea kumgharimu. Akisema ukweli wote, wa siku mbaya na wa siku nzuri, na wao wakaamua 70, ni yake na alale usingizi. Na nisikufiche upande wa pili, matibabu mazuri yanaweza kweli kumshusha. Zile tiba za mazungumzo zinazomrudisha mtu kwa kumbukumbu polepole mpaka soja aelewe zamu imeisha, kuna watu zinawaponya kabisa, na akifika hapo anaweza kutoka 70 kuenda 50, na kwa zile hesabu za hapo juu hiyo ni kupoteza dola 657.15 kwa mwezi. Ni pesa. Mimi nikiangalia watoto wenu ningechagua baba anayelala kitandani kwake, lakini si mimi ninalipa nyumba, kwa hivyo ongeeni wawili, mpange bajeti ya 50 hata kama haitafika huko. Hofu inapungua sana mtu akishaona hesabu kwa karatasi. Na tiba ya huo ugonjwa hapa Kenya VA inaweza kuilipa kupitia mpango wao wa matibabu ya nje ya nchi, unaitwa Foreign Medical Program, ajisajili kama hajajisajili.

Wakiamua kupunguza, haitakuwa ghafla. Wanatuma kwanza barua ya pendekezo, mna siku 60 za kuleta ushahidi, na mkiomba kusikizwa ndani ya siku 30 za kwanza malipo yanabaki palepale mpaka uamuzi utoke. Uamuzi ukitoka mna mwaka mmoja wa kuupinga. Hapo msiende peke yenu. Mashirika ya veterani kama Disabled American Veterans na VFW yana watu waliothibitishwa na VA na hawalipishi, mimi ni mtu wa saikolojia na kwa sheria mnahitaji mtu wa sheria. Wale wa WhatsApp wanaoitisha asilimia ya pesa zenu, wakimbieni.

Kuna mambo ambayo hayangoji barua yoyote. Akianza kusema mngekuwa afadhali bila yeye, akianza kugawa vitu vyake, akikaa siku mbili tatu bila kulala kabisa, pombe ikiingia, ama ukiogopa mikono yake juu yako ama watoto, usinijibu hapa, mpeleke hospitali siku hiyo. Mathari pale Thika Road si mbali na nyinyi, hospitali yoyote yenye kasuali inaanzia, na Red Cross wana laini ya bure ya 1199. Watu wengi huficha hizi mambo kwa kuogopa polisi, jua kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kile kifungu cha 226 kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinapingana na Katiba. Ukiona hatari, toa watoto kwanza. Kama kuna panga kwa nyumba, hilo na dawa za ziada ziende kwa jirani unayemwamini.

Leo jioni lakini anza na kadogo. Mpigie wifi yako, mwambie barua yoyote ya VA ikifika aifungue hapohapo akutumie picha kurasa zote, mbele na nyuma, siku hiyohiyo, juu siku 60 zinahesabiwa tangu tarehe ya barua na sio siku mliyoiona. Alafu mzee abadilishe anwani kwa akaunti yake iwe ya hapa. Akishindwa kuifungua hiyo akaunti, kaa kando yake, yeye aweke paswadi, wewe usome.